Kwa Mercy, Kuhusu Ile Nne Niliyokupa

Nakumbuka siku niliyomfokea mwanamke aliyekuwa mkubwa kuliko mama yangu, mbele ya hema la chai, maziwa ya mtoto yamenilowesha shati jeupe la mashindano na farasi akinipumulia shingoni. Nani alishinda siku ile sikumbuki. Nakumbuka nilivyosema: "Umeninyima kwa sababu natoka Eastlands!" Na nakumbuka alivyonijibu. Jibu hilo ndilo ninalotaka kukupa, mwanangu Mercy, maana tangu Jumamosi nikibisha kwenu hufungui, na mama yako tukikutana kwenye kamba za nguo anaitazama shuka kana kwamba shuka ndiyo iliyomsalimia.

Nina hasira, sitakuficha. Wazee wakitaka kutoa nasaha huanza kwa kukohoa na kutabasamu. Mimi si mzee. Nina miaka thelathini na kidogo, niliishia kidato cha nne, na kukohoa kwa heshima sijafunzwa. Lakini njia hii niliipita kabla yako, na aliyetangulia kuungua ndiye anayejua sufuria ina moto. Ndanu wangu naye yuko gredi ya tatu, na siku hizi kazi yake ni kuniuliza kwa nini Mercy haji tena kumsuka. Yeye ataisoma hii akikua. Kwa hiyo nawaandikia nyote wawili, na wewe nakuita mwanangu hata kama hutaki.

Nilipomaliza shule, baba alikuwa dereva wa lori la kiwanda kule Industrial Area, na mama alikuwa anauza sweta za watoto katika soko la Gikomba. Karo ya chuo haikuwepo, na aliyekuwa akilia kwa ajili yake nyumbani ni mimi peke yangu. Binamu yangu mmoja akanitafutia kibarua kwenye mazizi ya farasi, ng'ambo ya pili ya Nairobi, kule ambako ua wa mtu mmoja ni mrefu kuliko barabara yetu yote. Nikawa saisi, ndivyo wanavyoitwa watunza farasi. Nilizoa mavi, nikabeba maji, nikapiga brashi. Hapa mtaani kwetu Jericho walinicheka mpaka wakachoka. "Mueni, punda wa mabwana hawajambo?" Nikawaambia hawajambo, wanawasalimu ndugu zao.

Pale palikuwa na farasi jike wa kijivu, mzee kidogo, mkorofi sana. Kwenye karatasi za mashindano alikuwa na jina la Kizungu refu kama treni, lakini sisi tulimwita Shosh, kwa sababu alikuwa kama nyanya aliyeonewa kwenye urithi: ukimkaribia anakutazama kwanza juu mpaka chini, halafu anaamua kama utakanyagwa. Hakuna aliyetaka kumpanda. Bosi wetu, Kamande, aliniambia, "Mueni, wewe huna cha kupoteza. Panda huyo awe ananyoosha miguu." Hivyo ndivyo nilivyoanza kupanda farasi. Usidanganywe na mtu kwamba niliota ndoto.

Sasa sikiliza kosa letu, maana ni kosa la watu wa huku tu. Sisi tuliokulia huku tunasukuma kila kitu kwa mdomo. Foleni ya maji inasukumwa kwa mdomo. Watoto wanalelewa kwa mdomo, kutoka dirishani. Na Gikomba, ambako nililala chini ya meza ya mama nikiwa mdogo, mkokoteni hausukumwi kwa mikono peke yake. Mwenye mkokoteni anapiga kelele, "Mzigo! Mzigo!" na dunia yote inasogea. Basi mimi na Shosh tukawa hivyo. Nikitaka atembee namwambia, "Haya nyanya." Nikitaka aende mchakamchako namwambia, "Songa, songa." Na nikitaka akate shoti, akimbie hasa, namwambia "Mzigo!" na Shosh anaondoka kama mwenye deni aliyemwona mdai. Masaisi wenzangu walikuwa wanalala chini kwa kicheko. Mimi nilijiona bingwa.

Halafu nikampata Ndanu. Babake hayumo katika hadithi hii, kama ambavyo hayumo katika nyumba. Niliporudi kazini mtoto bado mchanga, Kamande akaniita kando. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu.

"Mueni," akasema, "saisi wa kukimbia nyumbani kunyonyesha sina kazi naye. Farasi hawangoji."

"Kwa hivyo nimefutwa?"

"Sijasema. Nahitaji mpandaji wa kufundisha watoto. Mpandaji anakuja saa zake, anaondoka saa zake. Mwingize Shosh mashindano ya dresaji. Mkifanya vizuri, kazi ni yako. Mkishindwa, tutaachana vizuri."

Mwanangu, hakuna kitu kinaitwa kuachana vizuri wakati mtoto anahitaji nepi. Nikasema sawa.

Wewe dresaji unaijua, lakini Ndanu haijui, basi nivumilie nimweleze. Unaingia uwanja wa mchanga peke yako, wewe na farasi. Unasimama, unamwinamia jaji. Kisha mnafuata hatua zilizopangwa: hapa tembea, pale mchakamchako, pale piga duara, kona ile kata shoti. Jaji amekaa mwisho wa uwanja, mara nyingi ndani ya gari, na mwandishi pembeni yake. Kila hatua jaji anataja alama, sifuri mpaka kumi, anasema na neno moja la sababu, mwandishi anaandika. Na kuna sharti ambalo mtu wa Gikomba hawezi kulifikiria hata akiota: hutakiwi kutoa sauti. Neno, mluzi, hata kupiga ulimi. Ukitoa sauti, hatua ile inakatwa alama mbili. Farasi anatakiwa akusikie kwa miguu yako, kwa kiuno, kwa vidole. Sharti hilo nililijua. Nilidhani nitanong'ona tu, nani atasikia?

Siku ya mashindano mama alifunga meza yake Gikomba, akaja na Ndanu mgongoni na sufuria ya pilau, kama mtu anayekwenda harusini. Niliingia. Nikainama. Shosh akasimama kama sanamu, mzuri ajabu. Nikamgusa kwa mguu atembee. Akabaki sanamu. Nikamgusa tena. Akageuza sikio moja nyuma, kama anayeniuliza, umepoteza ulimi?

"Haya nyanya," nikanong'ona bila kufungua midomo. Akatembea.

Nikanong'ona mara nyingi sana siku ile. Kisha tukafika kona ya shoti. Nikanong'ona, hakusikia, upepo ulikuwa unapiga kwenye mahema. Nikarudia, kimya. Kona inapita, jaji ananitazama, kazi inaondoka, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe kwa sauti ya babu zangu wote wa mkokoteni:

"MZIGO!"

Shosh akapaa. Watu wakapigwa na butwaa, kisha wakacheka. Saisi mwenzangu Otieno, ambaye alikuwa ameegemea ua, hakuweza kujizuia: "Kando! Kando! Mguu hapo, mzigo unapita!" Mama peke yake ndiye aliyepiga makofi. Alidhani hiyo ndiyo sehemu nzuri.

Siku hiyo walikuwa majaji wawili. Wa pembeni alikuwa mama mpole mwenye kofia ya maua. Alinipa saba karibu kila mahali, na chini akaandika kwamba mimi ni jasiri sana. Wa mwisho wa uwanja alikuwa Afande Nekesa. Tulimwita Afande kwa sababu alikuwa askari aliyestaafu, aliyewahi kupanda farasi wa gwaride enzi zake. Yeye alinipa nne, nne, tano, tatu, nne. Na kila mahali neno moja: sauti. Sauti. Sauti tena. Ukijumlisha, nilikuwa wa mwisho.

Hasira hasara, wanasema. Mimi huwa najibu kwamba kuna hasara ambazo mtu amezilipia na anataka risiti. Nilimfuata Afande mpaka hema la chai, Shosh nyuma yangu kwa kamba.

"Umeninyima kwa sababu natoka Eastlands!"

Alikuwa amekaa na kikombe. Hakukiweka chini. "Eastlands gani?"

"Jericho!"

"Jericho upande gani?"

"Karibu na soko."

"Mimi naishi Maringo," akasema. "Haya, endelea."

Mercy, Maringo ni hapo. Ukirusha jiwe kutoka kwetu unavunja kioo cha mtu wa Maringo. Lakini hasira ikishaondoka nyumbani haijui kurudi bila kitu, nikaendelea: mwenzako amenipa saba, yeye ana utu, ameona ninavyohangaika, nina mtoto mchanga, kazi yangu inategemea karatasi hii, na wewe mtu wa kwetu ndiye wa kunimaliza! Watu walikuwa wameacha kula keki wanatusikiliza.

"Mwenzangu aliona nini sijui, na sitamsemea," Afande akasema. "Chukua saba zake. Kesho mpandie Shosh na hizo saba. Uone kama atasonga."

Nikaikaza kamba ya Shosh mkononi.

"Mimi nilikupa nne kwa sababu nilikutazama wewe. Anayekuhurumia hakutazami, msichana. Anatazama shida zako. Miguu yako hiyo inapiga kelele kuliko mdomo. Unampiga piga farasi mbavuni kila hatua kama mtu anayebisha mlango, mpaka ameacha kusikia. Kilichobaki ni mdomo. Na mdomo hapa hauruhusiwi. Sasa ungetaka nikupe saba uende nyumbani na ugonjwa wako?" Kisha akageuza kichwa. "Mtoto wako analia. Nenda umnyonyeshe. Ukimaliza, urudi unitukane vizuri, nitakuwa hapa."

Nilikwenda. Niliketi nyuma ya hema na kulia kuliko Ndanu. Nilipomaliza, Afande akaja mwenyewe, na chai ya maziwa na mandazi mawili kwenye kitambaa cha karatasi, akaketi juu ya nyasi na magoti yake yale mabovu. Hakuniambia pole. Alisema, "Ukimpanda, jaza maji mdomoni. Usimeze, usiteme. Ukishuka uyateme hapo nione kama yapo." Akaongeza, "Na Jumamosi ijayo najaji watoto. Sina mwandishi. Unajua kuandika?"

"Nimemaliza fomu four!"

"Sikuuliza umemaliza nini."

Huyo ndiye Afande Nekesa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile nilijikwaa vyote viwili, lakini aliyeniokota ni yule niliyemtukana.

Kamande alifanya kama alivyosema. Alimpa Shosh msichana mwingine, mteja anayelipa, na mimi nikaambiwa nimalize mwezi. Siku mbili hazikuisha. Nikasikia naitwa kwa kelele kutoka uwanjani. Shosh amesimama katikati, yule binti juu yake amewiva uso kwa kumpiga visigino, na Shosh amefumba macho.

"Mueni! Farasi wangu anangoja nini?"

"Anangoja mzigo, bosi," akasema Otieno, na akakimbia kabla hajapigwa na ndoo.

Kamande hakucheka. Alisema nimemharibia farasi. Alisema msimu ukiisha kabla sijamtengeneza, nitaondoka mimi, na Shosh atauzwa kwa wale wa kupigisha watoto picha bustanini, kutwa juani kwa nyasi za kuokota. Nilimtazama yule nyanya aliyefumba macho. Alikuwa ananiamini kuliko mtu yeyote aliyewahi kuniamini, na kumbe nilikuwa nimemfunza lugha ambayo hakuna mwingine duniani atakayemwongelesha. Fikiria hilo, mwanangu. Ndilo lililoniuma kuliko kazi.

Nikajaza maji mdomoni.

Siku ya kwanza nilikunywa jagi zima. Kila nikimgusa akikataa, tusi linapanda, namezea na maji. Siku ya pili niliyatema kwenye shingo yake, akanitupa chini, na haki ilikuwa yake. Nilikuwa nashuka nimefura mashavu kama mtu wa jino bovu, Otieno ananisalimia, "Niaje Mueni, leo hatuongei?" na siwezi kumjibu, na hiyo peke yake ilikuwa adhabu. Lakini mtu akikosa mdomo anaanza kujisikia. Nikasikia miguu yangu. Kweli ilikuwa inabisha, inabisha, bila hata mimi kujua. Nikaifunza kutulia. Ikitulia kabisa, halafu nikagusa mara moja, Shosh anageuza sikio. Siku moja akageuza sikio na mguu pia. Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima usikie, na mdomo umejaa maji.

Jumamosi nilikuwa kwa gari la Afande, Ndanu amelala kiti cha nyuma, mimi naandika. Nakwambia, kiti kile ni shule. Mtoto mmoja aliingia akiwa na farasi wa bei ya nyumba, babake amesimama karibu na gari letu, akikohoa kila mara ili tujue yupo. Mtoto akavuruga duara. "Nne," Afande akasema. "Duara limekuwa yai." Kwa sauti ileile, Mercy. Sauti ileile niliyopigiwa mimi. Baba wa watu akakohoa mpaka nikadhani anaumwa. Afande akafungua dirisha akampa peremende ya koo. Kisha akafunga, akaniambia, "Andika." Pale ndipo hasira yangu juu yake ilipokufa. Si kwamba alikuwa mkali kwangu. Alikuwa ananipa heshima ileile aliyowapa wenye mali.

Mwisho wa msimu niliingia tena uwanjani na Shosh. Afande yuleyule mwisho wa uwanja. Mama yuleyule kwenye ua, na pilau. Nilimwinamia jaji, nikagusa, Shosh akatembea. Nikagusa, mchakamchako. Duara letu lilikuwa duara. Tukafika kona ya shoti. Nikauweka mguu, mara moja, nikangoja. Shosh hakwenda. Watu wote waliokumbuka mara ya kwanza wakasogea kwenye ua. Kwenye ua nilimwona mama, amefungua mdomo tayari, na Otieno amemziba kwa kiganja chake chote. Sikugusa mara ya pili. Nilingoja. Mwanangu, sijawahi kungoja kitu hivyo, hata leba sikungoja hivyo. Nikasikia mgongo wake ukiinuka chini yangu, taratibu, kama mtu anayeamka kwa hiari yake. Akakata shoti.

Alikuwa amechelewa. Afande alinipa tano kwa kona ile, akaandika: imechelewa. Kwingine kote sita. Saba moja tu, kwenye kusimama mwisho. Haikuwa ajabu ya dunia, nilikuwa wa nne kati ya wapandaji kumi na kitu. Lakini Kamande aliponiona alisema, "Jumatatu watoto wanaanza saa tatu. Usichelewe kama shoti yako." Shosh alibaki. Alizeekea pale, na watoto wengi wamejifunza juu ya mgongo wake, wewe ukiwa mmoja wao, mwaka wake wa mwisho.

Mama akasoma karatasi, akakunja uso. "Sita? Na ulivyopendeza hivyo? Huyu mama wa Maringo ana roho gani?"

Nikamwambia, "Mama, hiyo sita ni yangu." Hakunielewa. Alinipakulia pilau.

Mengine unayajua. Nilipanda miaka kadhaa, nikafundisha, nikaendelea kumwandikia Afande mpaka akaniambia nimeanza kutaja alama kabla yake, nikafanye mtihani wa ujaji. Nilianguka mara ya kwanza. Mara ya pili nikapita. Yeye sasa amerudi kwao Bungoma kufuga ng'ombe, na akinipigia simu bado anafoka.

Sasa nije kwako.

Wiki mbili kabla ya Jumamosi ile, mama yako alinikuta nikianika nguo. Akasema, "Mama Ndanu, si utamwongezea tu kidogo? Ni wetu. Wale wengine wana farasi nyumbani kwao kama sisi tulivyo na paka." Nikamwambia siwezi. Akacheka, akadhani natania. Nikamwendea mwenye mashindano nikamwambia namjua mtoto huyu, nimemlea mimi kwenye mchezo huu, tafuteni jaji mwingine. Akasema hana mwingine, na kwamba katika mchezo huu sote tunajuana. Basi nikaketi kwenye gari.

Ukaingia. Ulipendeza, nakubali. Kisha ukafika kwenye shoti ukaingiwa na woga, ukavuta hatamu. Uliuvuta mdomo wa farasi tangu kona mpaka kona, naye akatupa kichwa, na macho yake yalionyesha maumivu. Nikasema nne. Mwandishi wangu akanitazama. Nikasema, "Andika. Nne. Mkono mzito." Na moyo wangu ulikuwa unaniuma kama ulivyoniuma nyuma ya lile hema, lakini niliitaja.

Ulipotoka ulisema mbele ya watu, "Auntie umenichoma. Sirudi tena." Na mama yako akanifuata mpaka kwenye ngazi zetu: "Umemwangusha mtoto wa jirani ili wakusifu wenye farasi." Mercy, hilo liliniuma. Nilikaa jikoni nikafoka na sufuria. Mimi? Niliyekununulia buti Gikomba nikachagua mpaka nikapata zinazokutosha? Lakini nitakuambia kile ambacho mama yako hakutaka kusikia. Ile saba aliyoniomba nikupe, ukiwa nayo mkononi, farasi wa Jumamosi ijayo atakuwa bado anaumia mdomo. Na wewe usingejua. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini hata kabla ya maji, mgema aliyesifiwa kwa huruma hajui hata tembo lake lina ladha gani.

Na usinisikie vibaya kuhusu yale maji ya mdomoni. Sijasema msichana anyamaze. Mtu akikuonea, piga kelele Jericho nzima isikie, na mimi nitapiga pamoja nawe, unajua koo langu. Siku moja utakutana na jaji atakayekunyima kweli kwa sababu ya mtaa wako. Wapo. Siku hiyo uwe unajua tofauti, kwa sababu umewahi kupewa nne ya haki na umeujua uzito wake. Asiyewahi kupimwa kwa mizani ya kweli hawezi kujua ile ya wizi.

Basi nasaha yangu ni hii, na niiseme wazi bila methali. Usiombe kuongezewa. Wala usikubali ukiongezewa. Watu watakutazama, wataona mtaa wako, buti za mtumba, mama yako na foleni za maji, na watataka kukupa kitu kwa sababu ya hayo. Rudisha. Waambie watazame mkono wako. Ukiwa mzito, waseme mzito. Ukiwa mwepesi, hawataweza kukunyang'anya, kwa sababu utakuwa wako, hautakuwa wa huruma ya mtu. Na farasi asiyeweza kusema, ambaye hajui Jericho wala Karen kwa matajiri, ndiye atakayekuwa shahidi wako wa kwanza. Na wewe Ndanu, ukija kusoma hii, ujue kwamba hata mimi mama yako sitakuongezea. Nakupenda sana kiasi cha kutokuongezea.

Jumamosi asubuhi nitapita kwenu kabla ya saa moja. Nitabisha mara moja tu. Sitaita kwa dirisha. Kama utakuwa umevaa buti, tutakwenda, nami nitakuonyesha namna ya kufungua vidole. Ni jambo dogo, na mkono wako ni mwema, nimeuona ukimsuka mtoto wangu bila kumliza. Kama hutakuwa umevaa, nitarudi wiki inayofuata, kwa maana mimi pia kuna mtu alinisubiri nimalize kulia.

Mungu akupe mkono mwepesi na mgongo ulionyooka. Akupe watu watakaokutazama wewe, si shida zako. Farasi wako asikuogope, mama yako asikuonee aibu, na alama yoyote utakayobeba kurudi nayo Jericho, ndogo au kubwa, uibebe ukijua ni yako. Amina, mwanangu.